Freddie Mercury bila Queen: albamu «Mr. Bad Guy» inaendelea kuwagawanya wasikilizaji

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, atoe albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Inaitwa Mr. Bad Guy, na ilitoka tarehe 29 mwezi wa nne 1985. Mpaka leo wapenzi wa muziki wa rock hawajapatana juu yake. Wamoja wanasema ni kazi dhaifu ambayo ingekuwa imesahauliwa zamani kama si jina la mwenyewe. Wengine wanasema ni kazi safi iliyoonewa na watu wasiotaka kumuona akitoka kando ya wenzake. Na wako wale wa katikati: wanasema nyimbo nne au tano ni nzuri sana, zilizobaki ni za kujaza sahani.

Hawa wa katikati ndio walio karibu na ukweli. Lakini mara nyingi hawasemi ni kwa nini nyimbo nzuri na nyimbo dhaifu zimekaa pamoja kwenye sahani moja, zimeimbwa na sauti moja, katika studio moja. Jibu la swali hilo ni la maana kuliko alama ambayo kila mtu anaipa albamu, kwa sababu linagusa kila mwanamuziki anayeacha wenzake nyuma na kuingia studio na jina lake peke yake.

Inafaa kukumbusha kwamba mtu huyu si mgeni kabisa kwa ulimwengu wa Kiswahili. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 mwezi wa tisa 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi wenye asili ya India. Baba yake alikuwa akifanya kazi katika ofisi za serikali ya Waingereza kisiwani. Mtoto alipelekwa kusoma shule ya bweni huko India, akarudi Zanzibar, na mwaka wa 1964, baada ya mapinduzi, familia yote ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikokutana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, wakaunda Queen mwaka wa 1970. John Deacon, mpiga gitaa la besi, aliingia mwaka uliofuata. Kufika mwaka wa 1985, hao wanne walikuwa wamejaza viwanja vya mpira katika nchi nyingi.

Kosa la kwanza: kuhukumu kwa filamu

Wasikilizaji wengi wa leo, hasa vijana, hawakuijua albamu hii kwa kuisikia. Waliijua kupitia filamu Bohemian Rhapsody ya mwaka wa 2018. Ndani ya filamu hiyo, Freddie anasaini mkataba wa kuimba peke yake bila wenzake kujua, wenzake wanakasirika, kundi linasimama, kisha wanarudiana kwa ajili ya tamasha la Live Aid. Mtu akitoka kuangalia filamu hiyo, anaisikiliza Mr. Bad Guy kama mtu anayesikiliza ushahidi wa usaliti.

Historia haikuenda hivyo. Freddie hakuwa wa kwanza kutoa albamu nje ya kundi. Roger Taylor alitangulia na Fun in Space mwaka wa 1981. Brian May alifuata na Star Fleet Project mwaka wa 1983, akiwa na wanamuziki wengine. Roger akarudia na Strange Frontier mwaka wa 1984. Freddie alikuja nyuma yao wote wawili. Tena Queen haikuwa imevunjika hata kidogo: mwaka wa 1984 ilitoa albamu The Works, mwezi wa kwanza 1985 ikapiga kwenye tamasha la Rock in Rio huko Brazili, na wakati Mr. Bad Guy inatoka, kundi lilikuwa katika ziara ya Australia na Japani. Siku 75 baadaye, tarehe 13 mwezi wa saba, ndipo walipopanda jukwaani Wembley kwa Live Aid.

Kwa hiyo anayesema albamu ni mbaya kwa sababu mwimbaji aliwasaliti wenzake anahukumu hadithi ya sinema. Kama kuna ubaya, utafutwe ndani ya nyimbo zenyewe.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Ndani ya Queen, wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja alikuwa na wimbo uliojulikana dunia nzima. Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za John Deacon. Radio Ga Ga ni ya Roger Taylor. We Will Rock You ni ya Brian May. Freddie, aliyetunga Bohemian Rhapsody na We Are the Champions, alikuwa mkubwa kati ya wakubwa, lakini hakuwa na kazi ya kujaza sahani nzima.

Tuchukue The Works, albamu ya Queen iliyotangulia. Ina nyimbo 9. Freddie alitunga tatu peke yake, na moja akashirikiana na Brian May. Mwaka uliofuata, kwa Mr. Bad Guy, alitunga nyimbo zote 11. Ni kusema kwamba mtu aliyezoea kuleta mezani nyimbo tatu au nne, tena baada ya kushindana na za wenzake, alijikuta anapaswa kuleta karibu mara tatu zaidi, bila mshindani yeyote.

Hapo ndipo udhaifu ulipoingilia. Katika kundi la watunzi wanne, wimbo wa kawaida unakufa mapema. Unaletwa, mmoja anakunja uso, mwingine anasema ana wa kwake ulio bora, na ule wa kwanza unawekwa kando. Peke yake, mtunzi hana wa kukunja uso. Wimbo wa kawaida unabaki, unapambwa, unaingia kwenye sahani.

Kuna jambo moja kwenye karatasi ya ndani ya albamu hiyo linalowachekesha mashabiki mpaka leo. Freddie aliwashukuru Brian, Roger na John kwa kutoingilia kazi yake. Albamu yenyewe akaitoa kwa heshima ya paka wake. Ulikuwa mzaha wa mtu aliyependa mzaha. Lakini akiisikiliza albamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, msikilizaji anaona kwamba shukrani ile ndiyo maelezo ya albamu yote: uzuri wake umetoka katika kutoingiliwa, na udhaifu wake pia.

Nyimbo zenyewe

Albamu ilirekodiwa Munich, Ujerumani, katika studio za Musicland, pamoja na Mack, mtayarishaji ambaye tayari alikuwa amefanya kazi na Queen. Freddie alitaka muziki wa kucheza, wa diskoteki, kama ule uliokuwa ukipigwa Munich na New York wakati huo. Queen walikuwa wamejaribu njia hiyo mwaka wa 1982 na albamu Hot Space, na mashabiki wengi wa rock waliikataa. Safari hii alikwenda mbele zaidi: vinanda vya umeme, ngoma za mashine, gitaa chache.

Mwanzo wa albamu unaonyesha vizuri tatizo. Let's Turn It On inafungua kwa nguvu, lakini haina kitu cha kubaki kichwani mara ikiisha. Baadaye zinakuja Foolin' Around na Your Kind of Lover, na msikilizaji asiyeangalia karatasi anaweza kudhani wimbo ni ule ule umeendelea. Mwendo unafanana, vinanda vinafanana, furaha yenyewe inaonekana ya kulazimishwa. My Love Is Dangerous inaanza kwa mwendo wa reggae, kisha inageuka rock ya nguvu, na haikai vizuri mahali popote.

Katikati ya hizo kuna Made in Heaven na I Was Born to Love You, nyimbo mbili ambazo mtunzi yeyote wa miaka ile angetamani kuwa nazo. Upande wa pili wa sahani unafunguliwa na Mr. Bad Guy yenyewe, ikiwa na okestra kubwa, jambo ambalo Queen hawakuwa na desturi ya kulifanya. There Must Be More to Life Than This ni wimbo wa polepole ambao Freddie aliujaribu mwaka wa 1983 na Michael Jackson, kazi isikamilike. Hapa anauimba mwenyewe, kwa utulivu.

Halafu iko Living on My Own, wimbo wa mtu anayeishi peke yake. Video yake ilipigwa Munich kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake alipofikisha miaka 39, katikati ya watu wengi waliovaa nguo za ajabu, wakicheka na kucheza. Maneno yanasema upweke, picha inaonyesha umati. Wako wasikilizaji wanaouona huu kuwa wimbo wa kweli kuliko zote za albamu, na hawakosei. Kati ya nyimbo zote 11, ni huu ambao haungeweza kutungwa na kundi la watu wanne.

Soko nalo liligawanyika kama wasikilizaji. Uingereza albamu ilifika nafasi ya 6, na I Was Born to Love You ikafika nafasi ya 11. Nchini Marekani albamu iliishia nafasi ya 159. Living on My Own, kwa Uingereza, haikupita nafasi ya 50.

Majaribio mawili yaliyotoa jibu

Kwa kawaida mabishano ya namna hii hayana mwisho, kwa sababu hakuna anayeweza kurudi nyuma na kuirekodi albamu upya. Kwa Mr. Bad Guy jambo hilo lilifanyika, tena zaidi ya mara moja, baada ya Freddie kufariki tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1991.

Jaribio la kwanza lilikuja mwaka wa 1993. Watayarishaji waliojiita No More Brothers waliichukua Living on My Own, wakaacha sauti ya Freddie, wakabadilisha ngoma na vinanda ili wimbo uingie kwenye diskoteki za wakati huo. Wimbo ulioishia nafasi ya 50 ukafika nafasi ya kwanza Uingereza, na ukapigwa sana Ulaya. Wale waliokuwa wakisema kosa la Freddie lilikuwa kuiacha rock kwa ajili ya muziki wa kucheza walipata jibu lao. Wimbo haukuhitaji gitaa la Brian May. Ulihitaji kuchezeka zaidi.

Jaribio la pili lilikuja mwaka wa 1995. Brian May, Roger Taylor na John Deacon walichukua sauti ya mwenzao kutoka Made in Heaven na I Was Born to Love You, wakapiga vyombo vyao upya chini yake, wakaziweka kwenye albamu ya mwisho ya Queen, ambayo waliipa jina hilohilo la Made in Heaven. Albamu hiyo ilifika nafasi ya kwanza Uingereza. Wale waliokuwa wakisema nyimbo za 1985 zilikuwa kamili na wakosoaji walikuwa na wivu tu, nao walipata jibu. Sauti ni ile ile, lakini safari hii kuna gitaa linalomjibu mwimbaji, na ngoma zinazopumua pamoja naye. Hata mtu asiyejua muziki anasikia tofauti.

Majaribio hayo mawili yanaonekana kupingana, moja likivuta kwenye diskoteki, jingine kwenye rock. Lakini yanasema jambo moja. Nyimbo bora za albamu hii zilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuzisukuma mpaka mwisho wa njia yao. Mwaka wa 1985 zilisimama katikati: hazikuwa na nguvu ya kutosha kwa wapenzi wa rock, wala mwendo wa kutosha kwa wachezaji wa diskoteki. Na ni vizuri kuangalia pia ni nyimbo zipi ambazo wenzake hawakuzigusa. Queen hawakuirudia Foolin' Around. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wenzake walichagua kama ambavyo wangechagua mwaka wa 1985 kama wangeulizwa.

Freddie mwenyewe inaonekana alijifunza. Albamu yake ya pili nje ya Queen, Barcelona ya mwaka wa 1988, hakuifanya peke yake. Aliimba na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera kutoka Hispania, na alitunga pamoja na mpiga piano Mike Moran. Kuna wasioipenda, kwa sababu opera si ya kila sikio. Lakini ni wachache wanaosema nusu yake ni ya kujaza nafasi.

Watu wa Congo wanaijua hadithi hii

Kwa wapenzi wa muziki nchini Congo, swali la mwanamuziki na kundi lake si geni. Mwaka wa 1997 JB Mpiana alitoa Feux de l'amour akiwa bado ndani ya Wenge Musica BCBG, na kabla ya mwaka kwisha kundi hilo kubwa likawa limegawanyika, yeye upande mmoja, Werrason upande mwingine. Tangu siku hiyo, katika mitaa mingi, kusema albamu fulani ni nzuri au mbaya ni kutangaza kwanza wewe ni wa kambi gani. Shabiki hasikilizi tena wimbo, anasikiliza jina. Anajua jibu lake kabla sahani haijaanza kupigwa.

Kuna pia njia nyingine ya kutosikiliza, na hiyo ni kifo. Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 mwezi wa ine 2016, nchi nzima ililia, na ilikuwa na sababu ya kulia. Lakini mwanamuziki akishafariki, inakuwa vigumu kumpata mtu anayethubutu kusema kwamba wimbo huu wake ulikuwa mkubwa na ule ulikuwa wa kawaida. Marehemu anapewa sifa zote kwa mara moja, na sifa zikitolewa hivyo zinapoteza uzito. Ndivyo ilivyomtokea Freddie Mercury. Kabla ya 1991, Mr. Bad Guy ilidharauliwa kupita kiasi. Baada ya 1991, kuna mashabiki wasiovumilia neno lolote juu yake.

Heshima ya kweli kwa mwanamuziki ni kusikiliza alichofanya, wimbo kwa wimbo. Anayesema Foolin' Around na Living on My Own ni sawa kwa sababu zote ni za Freddie hamtukuzi Freddie. Anaifuta kazi kubwa aliyoifanya katika ule wa pili.

Kidole kimoja

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na wakosoaji wengi wa albamu hii wangetaka kumaliza kwa methali hiyo. Ingekuwa rahisi kupita kiasi. Kidole kimoja kilifanya mengi hapa: kilileta sauti ambayo miaka kumi baadaye bado ilitosha kubeba albamu nzima ya kundi, na kilileta wimbo wa upweke ambao ulingoja miaka minane kupata nafasi yake. Kama Freddie asingejaribu peke yake, nyimbo hizo zisingekuwepo kwa mtu yeyote kuzitengeneza baadaye.

Kile ambacho kidole kimoja hakikuweza ni kuchagua. Kutunga mtu anaweza peke yake, usiku, na piano. Kukata wimbo wake mwenyewe ni vigumu zaidi, kwa sababu anaupenda na alitoka jasho juu yake. Kazi hiyo ndiyo wenzake wa Queen walikuwa wakimfanyia, pengine kwa ugomvi, pengine kwa kelele za studio, na ndiyo aliyowashukuru kwa kutoifanya.

Anayetaka kuhukumu mwenyewe hahitaji filamu wala kambi. Asikilize Made in Heaven ya mwaka wa 1985, kisha ile ya 1995. Asikilize Living on My Own ya kwanza, kisha ile ya 1993. Halafu arudi kwenye albamu yote, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa 11, bila kuruka. Atasikia mwimbaji mkubwa akiwa huru kabisa, na atasikia pia mahali ambapo angehitaji mtu mmoja tu ndani ya studio wa kumwambia: huu, kaka, tuuache.